Kinachokula Pesa ni Moto

Sogea karibu na redio. Kama una sufuria jikoni na imeshachemka, ipunguzie moto, maana hata hilo limo katika mazungumzo yetu ya leo.

Leo nazungumza na wewe unayeishi chumba kimoja. Chumba cha kupanga, Manzese, Tandale, Mbagala, Buguruni, au kona nyingine yoyote ya Dar es Salaam. Nyumba ina vyumba sita au vinane, kila chumba na watu wake, choo kimoja, bomba moja uani, na mahali pa kupikia hapana. Kitanda kiko hapa, ndoo ya maji pale, nguo ziko kwenye kamba, na karibu na mlango kuna mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6 wenye jiko juu yake, au jiko la mkaa linalotolewa nje jioni. Wewe mwanafunzi wa chuo, wewe fundi, dada unayeuza duka la mtu, kijana uliyekuja mjini mwaka huu kutafuta maisha, mama unayelea watoto wawili ndani ya chumba hicho hicho: maneno haya ni yako.

Swali letu ni hili. Mtu wa chumba kimoja anaweza kula vizuri kwa pesa ndogo? Wengi wameshakata tamaa. Asubuhi chapati mbili na chai ya rangi, mchana chochote kitakachopatikana kazini, usiku chipsi. Pesa ikikata, mkate mkavu na maji. Ukimuuliza mtu, atakwambia, "Mimi sina jiko, nitapika wapi?"

Mimi nasema inawezekana. Ila kuna jambo moja naomba ulishike, na nitalirudia mpaka ulizoee. Katika chumba kimoja, kinachokula pesa si chakula. Ni moto. Nasema tena: kinachokula pesa ni moto.

Hebu fikiria. Kilo moja ya maharage inakulisha mara ngapi? Mara nyingi tu. Lakini mkaa wa kuyaivisha unaununua wa kopo, kwa sababu pesa ya gunia huna na pa kuliweka huna, na mkaa wa kopo ukiujumlisha mwezi mzima unakuta umelipa zaidi ya mwenye gunia. Wa gesi naye, kila akiangalia maharage makavu, anauwaza mtungi. Basi anayaacha. Hakuyaacha kwa sababu ni ghali, ameyaacha kwa sababu ya saa mbili au tatu za moto. Na mtu akishaacha maharage, kunde na mbaazi kwa ajili ya moto, ameacha nyama ya maskini, akabaki na wanga mtupu.

Kwa hiyo ukisimama gengeni au sokoni, usiulize bei peke yake. Jiulize pia: hiki kinataka moto wa muda gani? Cha moto mfupi, pika mwenyewe. Cha moto mrefu, ama ununue kilichokwisha kuiva, ama utumie ile njia ya blanketi nitakayokueleza baadaye kidogo.

Tuanze na cha kununua. Msikilizaji, usimdharau mama ntilie. Sufuria yake ni kubwa, na moto wake unagawanywa kwa sahani zote atakazouza siku ile. Ndiyo maana bakuli la maharage kwake linaweza kuwa rahisi kuliko uliyoyachemsha peke yako kwenye kijisufuria. Lakini usinunue sahani nzima kila siku. Nenda na bakuli lako lenye mfuniko, umsalimie vizuri, umwambie, "Mama shikamoo, naomba maharage peke yake, wali nimeshapika." Atakuitikia, "Marahaba mwanangu, lete bakuli." Umenunua saa tatu za moto kwa bei ya bakuli moja! Bakuli lako nalisisitiza, kwa sababu maharage ya moto hayafai kumiminwa kwenye mfuko wa nailoni. Na chagua mama ambaye chakula chake kinafuka mvuke, kimefunikwa, na maji ya kunawa yapo. Nenda mchana sufuria ikiwa mpya, usingoje lile baki la jioni.

Hapo hapo sokoni utakuta kisamvu kilichokwisha kutwangwa, nazi iliyokwisha kukunwa, karanga zilizokwisha kusagwa. Kwa mtu asiye na kinu wala mbuzi ya kukunia, hivyo ni msaada mkubwa. Karanga za kusaga hasa, usikose kuwa nazo ndani. Kijiko kikubwa kimoja au viwili kwenye mchicha, na ile mboga iliyokuwa ya kusukumia ugali inakuwa chakula cha kushibisha. Mafuta yake pia yanausaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani hayo.

Sasa vya moto mfupi. Mchicha, matembele, chainizi, figiri: dakika chache tu, na ukizidisha moto unapoteza gesi na vitamini kwa pamoja. Pitia gengeni jioni. Mboga za majani hazilali, na muuzaji anajua hivyo, kwa hiyo fungu la jioni huwa nono kuliko la asubuhi. Mayai nayo ni moto mfupi. Ukichemsha viazi, yaoshe mayai vizuri kabisa, uyaweke humo humo. Maji mamoja, moto mmoja, vyakula viwili.

Na dagaa. Naomba nikae hapa kidogo, maana dagaa hawapewi heshima yao. Samaki yule unamla na mifupa yake, ndiyo maana anakupa madini ya kujenga mifupa yako ambayo mnofu wa nyama haukupi. Amekwisha kukaushwa, hahitaji friji, anakaa chumbani kwenye kopo lililofungwa vizuri. Malalamiko ya watu ni mchanga, na ni ya haki, kwa sababu dagaa wengi wa Ziwa Victoria huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Fanya hivi. Toa vichwa, kisha wamimine kwenye bakuli la maji ya moto, uwachezeshe kwa mkono au kijiko, uache kidogo. Mchanga utazama. Usimwage maji pamoja na dagaa! Waokote kwa juu, waweke pembeni, na chini ya bakuli utauona mchanga umetulia. Rudia mpaka chini pawe peupe. Wakaushe maji, mafuta kidogo kwenye sufuria, wageuze mpaka uwasikie wanachakarisha, ndipo kitunguu kiingie, halafu nyanya mbili na chumvi. Epua, kamulia limau. Kama una unga wa ugali, umemaliza chakula cha usiku kwa moto wa muda mfupi tu.

Moto, msikilizaji, una siri moja ndogo. Maji yakishachemka yamechemka. Moto mkali hauyaongezei joto, unayafanya yakauke tu. Kwa hiyo funika sufuria tangu mwanzo, na ikishatokota punguza. Ndiyo maana nilipokukaribisha nilikuomba upunguze. Wali nao, maji yakikaribia kukauka, uepue umefunikwa, uuzungushie taulo au uutie kwenye hotpoti. Utajipika wenyewe kwa joto lake.

Hapo sasa tumefika kwenye maharage na blanketi. Sikiliza vizuri hapa, kama una kalamu andika.

Asubuhi kabla hujatoka, chambua maharage yako, osha, yaloweke kwenye maji mengi, kwa sababu yatavimba. Funika. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi ukarudi saa kumi na mbili jioni, yamekaa majini muda wa saa 12. Chukua punje moja uibane kwa kucha. Asubuhi ilikuwa jiwe, sasa inapasuka katikati na ndani ni nyeupe. Yale maji yamwage, usiyapikie. Osha tena, weka maji mapya, bandika, funika. Yakianza kutokota, yaache yatokote kwa nguvu dakika 15 mpaka 20. Hapa usifupishe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, inayoleta kutapika na kuharisha, na joto dogo haliitoi. Shirika la Afya Duniani linasema yalowekwe saa 12 na yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10. Wewe yape zaidi.

Baada ya hapo zima jiko. Usifunue sufuria. Ifute masizi, izungushie khanga kuukuu mbili tatu, iweke ndani ya ndoo kubwa au boksi ulilotandika nguo chini, kisha blanketi juu, uzibe kila penye upenyo. Nenda kaoge. Fua. Soma, kama una mtihani. Baada ya muda wa saa mbili na nusu au tatu, fungua. Mvuke utakupiga usoni, na maharage yatakuwa yamelainika bila senti moja ya moto kwa muda wote huo. Yarudishe jikoni, kitunguu, nyanya, tui kama lipo, yatokote tena vizuri, na chumvi mwishoni. Kama ni ya zamani na bado magumu, yachemshe tena uyafunge tena. Choroko ni rahisi zaidi, hulainika upesi, na mtu anayeanza ningemwambia aanze na choroko.

Lakini njia hii ina masharti mawili. La kwanza, sufuria iwe karibu kujaa. Sufuria nusu hupoa haraka, na maharage yanabaki vuguvugu, si mabichi si mabivu. La pili, usiyafunge asubuhi ukaenda kazini mpaka usiku. Saa kumi ndani ya blanketi ni nyingi mno, joto linashuka, na chakula cha vuguvugu ndipo vijidudu vinapostawi. Yafunge ukiwa upo nyumbani.

Umeona tulipofika? Moto unataka sufuria iliyojaa. Na sufuria iliyojaa, wewe uko peke yako, friji huna. Itakuwaje?

Najua kuna atakayesema, kiporo kipo, wazee wetu walikula viporo. Ni kweli. Lakini Dar es Salaam kuna joto, na ushauri wa wataalamu ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae bila ubaridi zaidi ya muda wa saa mbili. Wali ndio wa kuogopa kuliko vyote. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukilala kwenye sufuria, mbegu zile zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo ukipasha wali asubuhi haiondoki. Kwa hiyo yule anayesema "nimeupasha vizuri tu" anaweza kuumwa vilevile. Wali, pika wa kumaliza.

Basi jibu langu kwa sufuria iliyojaa ni mtu wa pili, na wa tatu. Kuchanga. Huyo jirani wa mlango wa kulia, naye usiku huu anawasha moto wake, anapika kijisufuria chake. Na wa kushoto vivyo hivyo. Milango mitatu, mioto mitatu, maharage yale yale! Kaeni pamoja. Mkichanga watu watatu mnaweza kwenda soko la Tandale kwenye nafaka, mkanunua mchele na maharage kwa bei ya mwenye kununua kingi, mkagawana au mkaweka kwenye ndoo moja yenye mfuniko unaobana, panya wasiingie. Mnaweza kununua gunia la mkaa kwa pamoja. Mnapika kwa zamu, na asiyepika leo anaosha vyombo.

Kuchanga kunavunjika, nalijua hilo, na kunavunjika kwa sababu zile zile: mmoja anachelewesha pesa, mwingine analeta wageni bila kusema, wa tatu hachoti maji. Semeni mapema. Pesa ya wiki iwekwe Jumapili, kabla ya kupika chochote. Mwenye mgeni aongeze kidogo. Anayefunga au asiyekula kitu fulani kwa imani yake aseme siku ya kwanza, na aheshimiwe. Mkishasema hayo uso kwa uso, mtadumu. Nami naamini, kwa moyo wangu wote, kwamba kijana anayekula na wenzake anakula vizuri kuliko anayekula peke yake kitandani huku anaangalia simu.

Jambo dogo hapa kabla sijasonga. Wengi wetu asubuhi tunakula chapati maharage na kuteremshia chai ya rangi. Maharage yana madini ya chuma, ya kuongeza damu, lakini chai inayazuia yasiingie mwilini sawasawa. Kula kwanza, chai ingoje kama saa moja. Badala yake weka kitu kichachu au kibichi pembeni: kachumbari, chungwa, limau, embe likiwa msimu wake. Hivyo vinayasaidia yale madini yaingie. Dada zangu na mama zangu, hasa mjamzito, hili ni lenu zaidi. Na siku ambayo hutaki kabisa kuwasha moto, ndizi mbivu na karanga, au mkate na parachichi na maziwa mgando, ni chakula kamili kuliko sahani ya chipsi. Osha tu matunda kwa maji safi.

Sasa nazungumza kwa uzito. Moto unaokula pesa yako unaweza pia kukuchukua wewe mwenyewe. Jiko la mkaa lisilale ndani. Narudia: jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limezimika, hata mvua ikinyesha, hata kukiwa na baridi kama kule Mbeya au Njombe mwezi wa saba. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu amelala haisikii, na haamki. Familia nzima zimekwenda hivyo.

Gesi yenyewe wameitia harufu makusudi ili uijue ikivuja. Ukiisikia harufu ile, usiwashe taa, usizime taa, usiguse kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka nje. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni, penye godoro lako. Na unapopika chumbani, kunja chandarua, vuta pazia mbali, mtoto asikae kati ya jiko na mlango.

Kuna suala la umeme. Presha kuka ya umeme inafunga mvuke ndani, joto linapanda kupita la maji ya kawaida, na maharage yaliyolowekwa yanaiva upesi kwa umeme kidogo, kwa sababu haivuti umeme mfululizo. Kwa watu watatu waliochanga, ningesema wekeni akiba mnunue. Lakini mita ya LUKU ni moja, nyumba nzima inachangia, na mwenye nyumba amekataza kupikia umeme. Ugomvi wa LUKU tunaujua wote. Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Ni lengo jema. Lakini mimi nauliza, msikilizaji: mpangaji wa chumba kimoja atafikaje huko kama umeme anakatazwa, na mtungi wa gesi unakaa ubavuni mwa kitanda?

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayapeleka kwa baba mwenye nyumba na mama mwenye nyumba, wengi mnanisikiliza sasa hivi mmekaa barazani. Mnapojenga vyumba vile sita, tengeni kona moja uani. Nguzo nne, bati chache, sakafu ya saruji, meza ya matofali ya kuwekea majiko. Upande mmoja wazi, moshi upate pa kutokea. Mkiweza, wekeni na soketi yenye mita yake ndogo, kila anayepikia umeme alipe alichotumia. Mtapunguza hatari ya nyumba kuungua, na mtapunguza kugombana kwa wapangaji wenu.

Na wapangaji, msikae kusubiri. Mwendeeni wote kwa pamoja, kwa heshima, mkiwa na kitu mkononi. "Mama shikamoo. Sisi tumechanga mifuko miwili ya saruji. Tunakuomba ile kona ya karibu na bomba, tujenge pa kupikia." Mwenye nyumba anayekataa maneno kama hayo ni wa nadra.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo saa hii hii tutazungumzia maji: kuyachota, kuyachemsha na kuyahifadhi katika chumba hicho hicho. Kama kesho ni siku ya maharage, kumbuka kuyaloweka kabla hujatoka.